Kuchonga shetani wa mpingo: kutoka gogo lenye tundu hadi nta ya mwisho

Gogo la mpingo lililonyooka, lisilo na ufa wala shimo, huishia viwandani likawa klarineti na obo. Lile lililopinda, lenye tundu katikati na kifundo ubavuni, ndilo linalomfaa mchonga shetani. Anayeanza kazi hii kwa kutafuta gogo zuri huwa amekosea kabla ya kushika tezo, kwa sababu umbo la shetani hutoka kwenye kilema cha mti. Tundu huwa tumbo au kinywa, kifundo huwa goti, mpindo huwa mgongo wa kiumbe kinachokimbia.

Maelezo haya ni ya kinyago kimoja cha urefu wa sentimita 40 hivi, kwa mtu anayejua tayari kutumia tezo na patasi lakini hajawahi kuchonga umbo la roho. Kuchonga kwenyewe huchukua siku 10 hadi 14. Kukausha huchukua wiki nane na zaidi, na hakuna njia ya mkato.

Shetani yupi?

Msikitini na kanisani shetani ni Ibilisi, adui wa Mungu na wa mwanadamu. Wamakonde wana neno lao, nnandenga, kwa viumbe wa porini, wa majini na wa kwenye miti wanaokutana na watu njiani, wanaoingia usingizini, wanaodhuru, wanaosaidia, na wengine wanaofanya utundu tu. Neno la Kiswahili likaja kuwafunika wote. Watu wa pwani nao husema fulani ana shetani, wakapiga ngoma ili apungwe, bila kumaanisha kwamba Ibilisi mwenyewe amehamia mwilini mwake. Mchongaji anahitaji kuuelewa mpaka huu vizuri. Ukimchukua shetani kuwa Ibilisi utamwekea pembe mbili, mkia na uma, na hiyo ni picha iliyokuja na vitabu vya wageni. Mwili wa nnandenga haufuati mpango huo. Jicho moja linaweza kukaa mahali pa sikio, mguu ukatoka kwenye shavu, titi likawa kubwa kuliko kichwa, na bado kiumbe kikasimama.

Kinyago cha shetani hakiabudiwi wala hakichinjiwi. Ni sanaa ya kisasa, iliyokua Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na 1960 mikononi mwa Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka nyanda za Mueda, Msumbiji, wengi wao wakiwa wamefuata kazi kwenye mashamba ya mkonge. Kilichobeba ibada yenyewe ni lipiko, barakoa ya kichwa kizima inayovaliwa katika ngoma ya mapiko wakati vijana wanapotoka jandoni na unyagoni. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi ili mchezaji aweze kuubeba kichwani, hubandikwa nywele za binadamu, na chale za usoni, ambazo Wamakonde huziita dinembo, huchorwa juu yake kwa nta. Zamani mwanamke na mtoto ambaye hajatahiriwa hawakutakiwa kujua kwamba ndani yake yumo mtu. Usiige lipiko kwa mpingo halafu ukalifukiza moshi ili lionekane la kale. Huo ni uongo kwa mnunuzi, na ni kuichezea siri ya watu.

Kuna Waislamu ambao hawataki kuchonga wala kuweka ndani sanamu ya kiumbe chenye roho, na wapo Wakristo wanaoogopa jina lenyewe. Mteja akikuuliza, mweleze kinyago ni nini na hakifanyi nini, kisha umwachie uamuzi. Kubadilisha jina la kinyago ili kiuzike ni kukiondolea nusu ya maana yake.

Amua anafanya nini

Masimulizi ya asili ya Wamakonde husema hapo mwanzo palikuwa na kiumbe kimoja tu, peke yake, hajaoga wala hajanyoa. Akachukua kipande cha mti, akakichonga umbo la mtu, akakisimamisha wima karibu na makazi yake. Kulipokucha kile kipande kilikuwa mwanamke. Watoto wao wa kwanza walikufa mabondeni karibu na mto, na aliyezaliwa juu kwenye nyanda ndiye aliyeishi. Mchongaji anachukua mambo mawili hapo: uhai uliingia kinyago kiliposimama, na kiliingiwa na uhai ili kimalize upweke. Kwa hiyo shetani wako lazima asimame kwa miguu yake, bila kigingi wala kibao cha kumshikilia, na lazima awe na mtu anayemfanyia jambo, hata kama mtu huyo hachongwi.

Chagua kitendo kimoja. Anameza. Anabeba mtoto asiye wake. Ananyonya. Anasikiliza mlangoni. Anamkaba aliyelala. Kitendo kimoja kinatosha, kwa sababu ndicho kitakachopanga viungo. Anayesikiliza atakuwa na sikio linaloanzia begani hadi juu ya kichwa, na kinywa chake kinaweza kukosekana kabisa. Anayemeza atakuwa na taya lililofika magotini. Kiungo kisichosaidia kitendo kiondoe. Kosa linaloonekana kila siku kwenye vibanda vya vinyago ni shetani mwenye kila kitu: ulimi, pembe, matiti matatu, macho manne, meno kila upande. Kinyago hicho hakimtishi mtu wala hakimsemeshi, kwa sababu jicho la mtazamaji halijui litue wapi.

Gogo

Tafuta kipande cha sentimita 45 kwa 16 za upana. Mpingo ni mzito kuliko maji na huzama, hivyo kipande hicho kitakuwa na kilo 11 au zaidi kidogo. Kinyago kikikamilika kitabaki na kilo tatu au nne. Muuzaji awe na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu, na gogo liwe na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuna vijiji vya wilaya ya Kilwa vilivyo na misitu yao wenyewe ambayo ilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, mwaka 2009, na mpingo wa huko unaujua ulikotoka. Mti huu huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuvunwa, kwa hiyo gogo lisilo na karatasi lina uwezekano mkubwa wa kuwa la wizi.

Chunguza ncha zote mbili. Utaona gome, kisha duara jeupe lenye umanjano, lenye unene wa sentimita moja hadi mbili, kisha kiini cheusi chenye zambarau. Ile sehemu nyeupe huliwa na wadudu, kiini hakiliwi. Mwaga maji kidogo kwenye ncha, yapanguse, kisha ngoja dakika moja. Mti wote utakauka, lakini ufa utabaki umechora mstari mweusi wa unyevu, hata ule mwembamba usioonekana kwa macho. Uweke alama ya chaki na uufuate ubavuni ujue umeingia kina gani. Ufa unaokwenda kutoka katikati kuelekea nje unavumilika. Ule unaozunguka kama pete ukatae, maana gogo litaachana maganda mawili ukiligonga.

Gogo likiwa bado bichi, na mara nyingi huwa bichi, ziba ncha siku hiyo hiyo kwa nta ya mshumaa iliyoyeyushwa au rangi ya mafuta, ukipaka mara mbili na kushuka sentimita tano ubavuni. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, ncha husinyaa kabla ya kati, na hapo ndipo nyufa huanzia.

Kusoma gogo

Lisimamishe wima mahali penye mwanga wa ubavuni, saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Ligeuze robo kwa robo, na kila upande chora kwa chaki unachokiona. Fanya hivyo siku mbili tofauti bila kufuta michoro ya kwanza. Wazee wa kazi hii hawachori kabisa, lakini wao wameshachonga mamia ya magogo na macho yao yanafanya kazi hiyo kimyakimya.

Anza na tundu. Ukilikuta katikati, limekuondolea tatizo kubwa zaidi la ukaushaji, na inafaa kujua kwa nini. Mti unapokauka husinyaa zaidi kuzunguka kiini kuliko kuelekea kiini. Gogo zima lenye moyo wake ndani halina pa kusinyalia, kwa hiyo lazima lipasuke. Gogo lililotobolewa moyo lina nafasi ya kujibana. Vile vinyago vya shetani vilivyojaa uwazi, ambavyo unaweza kupitisha mkono kutoka mbele hadi nyuma, vinadumu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Uwazi unaoonekana kuwa wa kiroho ndio pia unaolinda mti. Gogo lako likiwa halina tundu, panga kitendo chenye uwazi unaopita katikati, na hakikisha moyo wa mti umeondolewa angalau theluthi mbili ya urefu.

Kifundo ni kigumu na nyuzi zake zinazunguka, kwa hiyo kipe kiungo kinene: goti, kichwa, bega, titi. Usipitishe kiungo chembamba pembeni ya kifundo, kitakatika unaposugua msasa. Mpindo wa gogo ufanye mgongo au upande anaokimbilia. Acha chini kabisa kipande cha sentimita nne bila kuguswa. Hicho ndicho kitakachokuwa miguu ya kinyago, na utakishughulikia mwisho.

Tezo, keekee na kanuni ya nyuzi

Toa gome na sehemu nyeupe yote kwa tezo, ukipiga kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba ili usichimbe kinyume cha nyuzi. Wapo wanaoacha ukanda mweupe kwa urembo. Inapendeza, ila baada ya mwaka mmoja au miwili utakuta unga laini umemwagika chini ya kinyago na matundu kama ya sindano yakiwa yamejaa kwenye ule weupe. Ni afadhali kuutoa.

Makali ya tezo na patasi ya mbao laini huwa na pembe ya nyuzi 25. Kwa mpingo nolea hadi 35, vinginevyo makali yatamenyeka vipande vidogo. Hata hivyo yatafifia haraka, kwa hiyo weka jiwe la kunolea pembeni ya goti na unoe kila robo saa. Patasi butu hukufanya upige kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo ndiyo inayovunja viungo.

Uwazi toboa kwa keekee ya milimita 12 hadi 16. Toboa nusu kutoka mbele, geuza, umalizie kutoka nyuma. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea utabanduka kipande kikubwa kama kiganja. Vuta keekee nje kila sentimita moja ili itoe unga. Ukisikia harufu ya kuungua simama, ipoe. Ukishatoboa matundu matano au sita yaliyokaribiana, katiza kuta kati yake kwa patasi nyembamba.

Sasa kanuni inayotawala kazi yote. Nyuzi za mti hukimbia kutoka chini kwenda juu. Kiungo kinachofuata nyuzi, kama mguu au mkono unaoning'inia, kinaweza kubaki na unene wa milimita 12. Kiungo kinachokatiza nyuzi, kama mkono ulionyooshwa pembeni, kisipungue milimita 20, na urefu wake usizidi mara mbili ya unene wake, au ncha yake irudi kushikana na mwili. Ndiyo maana mikono ya mashetani hujizungusha ikashika kichwa, au ulimi ukarudi ukaingia tumboni.

Husimuliwa kwamba mtindo wenyewe ulizaliwa kwa kosa la aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na kinyago cha mtu kilichovunjika mkono. Badala ya kukitupa alikichonga upya kikawa kiumbe kisicho mtu, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam akakipenda, akamhimiza achonge vingine. Mkono ukikuvunjikia leo, usikimbilie gundi. Weka kinyago wima, kaa mbali hatua tatu, utazame kilichobaki kwa siku nzima. Mara nyingi kitendo ulichokichagua kinaweza kubebwa na kiungo kingine, na jeraha la pale mkono ulipokatika likawa jicho.

Fika mahali ambapo umbo lote linasomeka lakini kila kiungo bado kina milimita 8 hadi 10 za ziada. Hapo acha kuchonga. Kila jioni kabla ya hapo kinyago kilale kimefunikwa gunia bichi na plastiki juu yake. Usiku mmoja wa upepo mkavu unatosha kupasua kilichochongwa wiki nzima.

Kukausha

Wiki ya kwanza kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, ukiugeuza ndani nje kila siku ili unyevu uliojikusanya utoke. Kisha kihamishie kwenye gunia lililojaa vibanzi vyake mwenyewe, kivulini, mbali na bati, jiko na feni. Kipime kwa mizani ya jikoni kila Jumapili na uandike uzito. Kitapungua haraka mwanzoni, halafu polepole. Uzito ukikaa pale pale wiki mbili mfululizo, kimefikia kiwango cha hewa ya hapo.

Ya hapo tu. Kinyago kilichokauka Dar es Salaam, penye hewa nzito ya bahari, kikipelekwa Dodoma au kwenye nyumba ya Ulaya inayopashwa moto, kitaendelea kupoteza maji. Kazi iliyoagizwa kwenda sehemu kavu ikae wiki nne zaidi kwenye chumba kikavu kabla ya kumaliziwa.

Nyufa zikitokea, subiri zikome kukua ndipo uzitibu. Ufa mwembamba ujaze unga wa mpingo uliousugua kwenye kipande hicho hicho, ubonyeze kwa kisu, dondoshea supagluu, rudia hadi ujae, kisha upige msasa. Ufa unaozidi milimita mbili unahitaji kabari ya mpingo iliyochongwa kama kisu, ikiingizwa kwa gundi ya sehemu mbili huku nyuzi zake zikielekea upande mmoja na za kinyago. Kiwi cheusi na udongo havifai. Vitasinyaa na kudondoka. Kuna ufa mwingine ambao umekaa vizuri kiasi kwamba haustahili kuzibwa. Ufa uliopita kwenye shavu la shetani mzee ni kunyanzi. Usitumie udhuru huo kwa ufa uliopita mguuni, huo utamwangusha.

Uso, kisha miguu

Anza na jicho, maana ndilo linalogeuza kipande cha mti kuwa mtu wa kuogopwa au wa kuhurumiwa. Chora duara, piga patasi yenye makali ya mviringo wima kulizunguka kwa kina cha milimita tatu, kisha ondoa mti nje ya duara ukiinamisha patasi hadi mboni isimame juu kama nusu ya korosho. Watu wengi hufanya kinyume: huchimba tundu na kuliita jicho. Tundu hunywa mwanga, na kwenye mti mweusi halionekani kabisa mtu akisimama mita mbili. Mboni iliyovimba huushika mwanga na huonekana kumfuata mtu chumbani. Tundu litumie pale tu unapotaka kusema kwamba huyu haoni.

Meno chonga kwa patasi ya milimita nne, yasilingane. Chale za usoni na ndona, kile kipini cha mdomo wa juu walichovaa wanawake wa Kimakonde, ni alama za binadamu wa jamii fulani. Ukimwekea shetani ndona unasema anajifanya mwanamke wa Kimakonde. Hilo ni jambo zito na zuri kulisema, lakini liseme ukijua.

Miguu ndiyo ya mwisho. Chonga miguu kwenye kile kipande cha chini, weka kinyago juu ya msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kioo, kizungushe taratibu hadi kiguse pande zote. Kisukume kidole kichwani: kikiinama pembe ya nyuzi 10 na kurudi wima, kimesimama. Kikianguka, ondoa uzito juu, upande kinakoangukia. Kupanua miguu haiwezekani tena.

Msasa na nta

Vumbi la mpingo huwasha ngozi, macho na mapafu, na wengine huvimba mikono. Vaa barakoa ya vumbi, funga mikono ya shati, na kuanzia namba 400 sugua kwa maji. Mfuatano ni 80, 120, 180, 240, kisha 400 na 600 kwa maji, daima kufuata nyuzi. Kati ya namba moja na nyingine panguza kwa kitambaa kibichi na utazame kwa mwanga wa ubavuni. Mikwaruzo iliyokatiza nyuzi itajitokeza kama nywele nyeupe. Ukiiruka kwenye 120, hata 600 haitaiondoa.

Si lazima kila mahali pang'ae. Mashavu, tumbo na mboni viking'ara, na mgongo ukaachwa na alama za patasi, mkono wa mtazamaji utajua wenyewe sehemu ipi ni mwili na ipi ni pori.

Nta tengeneza mwenyewe: gramu 100 za nta ya nyuki, mililita 200 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, ondoa kwenye moto kabisa, ndipo umimine tapentaini huku ukikoroga. Karibu na moto tapentaini inalipuka. Paka nyembamba kwa kitambaa, ngoja dakika 20, sugua kwa brashi ya viatu kwenye mikunjo na kwa kitambaa cha pamba penye ubapa. Rudia kesho yake. Vanishi iepuke, inaweka ngozi ya plastiki kati ya mti na mkono. Kiwi cheusi nacho kinawatia shaka wanunuzi, na wana haki, kwani ndicho kinachotumika kugeuza mbao laini kuwa mpingo wa uongo. Mpingo halisi ukikwaruzwa chini ya unyayo ni mweusi au kahawia ya zambarau hadi ndani, na pamba yenye spiriti hutoka na rangi kidogo tu ya zambarau, si wino.

Parokia ikiagiza msalaba

Mchongaji huyo huyo huombwa Kristo msalabani, na hapa kanuni ya nyuzi inakuwa kali, kwa kuwa mikono imenyooka pembeni na haina pa kurudi. Usiichonge kwenye gogo moja na mwili. Chonga mwili peke yake, mikono miwili kila mmoja kutoka kipande ambacho nyuzi zake zinafuata urefu wa mkono, uunge mabegani kwa kigingi cha mpingo cha milimita 10 kilichoingia sentimita tatu kila upande. Mshono upite kwenye mkunjo wa kwapa, hapo kivuli kitauficha. Kwenye msalaba tumia skrubu kwenye tundu pana kidogo kuliko skrubu yenyewe, kwa sababu mbao ya msalaba, ambayo mara nyingi ni mninga au mvule, haisinyai sawa na mpingo.

Uso wa nani? Mchoraji Elimo Njau alipochora kuta za kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, aliweka maisha ya Kristo katika vilima na sura za Wakikuyu. Kanisa la Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, limejengwa kwa kufuata alama za utemi wa Kisukuma. Kabla ya kuchonga, kaa na padri na kamati ya parokia mkubaliane juu ya uso, na uwaonyeshe mfano wa udongo wa sentimita 15. Usichukue mikunjo ya shetani ukaitia kwenye mwili wa Kristo kwa kuwa mkono wako umeizoea. Mwili wa shetani umevunjwa viungo kwa sababu haujawahi kuwa wa mtu. Mwili wa msalabani ni wa mtu kamili anayeumizwa, na waumini wataiona tofauti hiyo hata wasipoweza kuieleza.

Kuweka na kusafirisha

Kinyago chenye uwazi kiwekwe mbali na ukuta angalau sentimita 30, taa moja tu, itoke juu ubavuni. Taa mbili za mbele zitafuta kila tundu ulilolitolea jasho. Jicho la kinyago likae usawa wa kifua cha mtazamaji aliyesimama, ili ainame kidogo kukutana nalo. Kwenye kikaratasi andika mti, mwaka, jina la mchongaji na kitendo: "Anasikiliza mlangoni". Maelezo marefu zaidi ya hapo humfanya mtu asome badala ya kutazama.

Mpingo umo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu tarehe 2 Januari 2017. Bidhaa zilizokamilika zenye uzito wa mti usiozidi kilo 10 kwa shehena zimeachiliwa, kwa hiyo kinyago chako cha kilo nne kinapita. Funga kwanza kwa karatasi, kisha sponji, plastiki iwe nje kabisa. Jaza uwazi wote kwa vitambaa vilivyokunjwa kabla ya kufunga, maana sanduku likidondoka kiungo kilicho hewani ndicho kinachokatika. Mweleze mnunuzi asikiweke juu ya jiko, mbele ya kiyoyozi wala dirishani penye jua, na akipake nta mara moja kwa mwaka.